Vishikwambi vya Jattani

Kwa miaka sita sasa mimi ni kaimu. Kaimu Afisa wa Teknolojia katika Elimu, ndivyo kibao cha mezani kwangu kinavyosema, na hilo neno "kaimu" nilimwomba fundi aliandike kwa herufi ndogo. Alitii. Ni dogo hivi kwamba wageni hudhani ni uchafu na kujaribu kulifuta kwa kidole.

Nalisema hili mapema ili mtakapofika mahali pa kujiuliza, "Kananu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na miwili, ulikuwa unafikiria nini?" muwe na jibu tayari. Nilikuwa nafikiria kibao.

Mwezi wa pili wafadhili kutoka Nairobi walituahidi vishikwambi hamsini, pamoja na mpango wa kuwafundisha watoto na walimu wao kuhusu akili unde: ni kitu gani, inajua nini, haijui nini, na mtu aitumieje bila kufanywa mjinga. Mpango ungeanzia shule ya Eela Dima, upande wa Kulamawe, kisha uende Oldonyiro na Leparua. Mkubwa wetu, Bwana Gichunge, aliniita akanikabidhi faili. "Madam, uzinduzi ukienda vizuri," akasema, "hata mambo mengine yanaweza kwenda vizuri." Hakutaja mambo gani. Nilitoka ofisini mwake nikiwasalimia hata watu ninaodaiana nao maneno.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila haya kwa sababu kijitabu cha somo la kwanza nilikiandika mimi. Kwenye ukurasa wa kwanza niliweka kwa herufi nzito: MASHINE IKIKUJIBU, TAFUTA MTU ANAYEJUA UMWULIZE. Nilijipongeza kwa sentensi hiyo wiki nzima. Nilimsomea mume wangu akiwa anakula. Nilimsomea mwanamke anayeniuzia ndizi. Nilimtumia dada yangu kule Maua, akanijibu kwa kidole gumba. Kama kuna mtu aliyeielewa sentensi ile katika Isiolo nzima, basi alikuwa mtu mwingine.

Kilichonipoteza ni uzinduzi. Kupanga uzinduzi ni kazi yenye siri zake. Siku nne nilizimaliza kwenye viti peke yake. Kuna viti vya plastiki visivyo na mikono, kuna vyenye mikono, kuna vya kuvishwa vitambaa na utepe mgongoni, na kuna makochi ya kukodi, na mtu akikalishwa kwenye kiti kilicho chini ya cheo chake, utasikia habari hiyo mpaka ustaafu. Nikachora ramani ya viti kwa rangi nne. Kisha nikapanga wasemaji kumi na sita, kila mmoja dakika tano, huku nikijua kila mmoja atachukua ishirini. Somo la watoto, yaani lile jambo lenyewe tulilokuwa tunalizindua, nililipa dakika saba, kati ya wimbo na soda.

Halafu nikataka nembo. Sikuona mradi unaweza kuishi bila nembo. Nikaiomba akili unde inichoree: mistari rahisi, ionekane ni ya kwetu huku kaskazini, iwe na elimu na nchi kavu ndani yake. Ikanipa sita. Nikaipenda ya nne: duara, mstari mmoja unaolikata katikati na kutokeza juu, na vijistari viwili vya kulala upande wa kulia. Niliitazama nikasema moyoni, hii inaonekana kana kwamba imekuwepo siku zote. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini.

Sikukosa kuuliza, msinionee. Niliuliza. Nilimwuliza huyohuyo aliyechora: je, alama hii ina maana yoyote kwa watu wa hapa? Ikanijibu kwa adabu sana kwamba duara ni umoja, mstari ni maendeleo, na vile vijistari viwili ni mwalimu na mwanafunzi. Nikanakili neno kwa neno nikaweka kwenye ratiba.

Kamati ilikaa siku ya Jumanne, watu watano, chai na mandazi. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Hawo, mkuu wa shule ya Eela Dima, mwanamke mwembamba aliyezaliwa hukohuko Kulamawe, anayesema kidogo na kuandika sana. Nilipobandika nembo ukutani akanyoosha mkono. Nikamwambia maswali ni mwishoni. Tulipofika kwenye makochi akanyoosha tena. Nikamwambia mwishoni, Mwalimu. Huo mwisho ulipofika, adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika, mandazi yamekwisha, na mimi nilikuwa nimeinuka kumpigia mtu wa hema.

Akanifuata hadi kwenye ngazi. "Madam, niko na maswali mbili," akasema. "Ya kwanza, sherehe ikiisha, hizi tableti zitalala wapi?"

"Zitarudi ofisini kwa muda. Mpaka shule iweke mlango wa chuma na grili za madirisha, na fomu zisainiwe."

"Kama zile za kwanza."

Hapo inabidi nieleze, ingawa ningependa kupita kando. Nyuma ya kiti changu kuna kabati la chuma, na ndani ya kabati kulikuwa na vishikwambi kumi na vinane vya mradi wa miaka mitano iliyopita. Vilizinduliwa hapohapo Eela Dima kwa nyimbo na mabango, watoto wakavishika asubuhi moja, vikarudi kwangu vingali na karatasi za plastiki. Mlango wa chuma haukuja. Fomu ya kuvikabidhi shule ilikuwa ndani ya faili, ikisubiri sahihi ya afisa mhusika, na afisa mhusika alikuwa mimi. Lakini mtu akisaini, kimoja kikapotea, anayeulizwa ni aliyesaini. Kwa hiyo nilivitunza. Ufunguo niliuvaa shingoni kwenye kamba moja na kitambulisho cha kazi, na kila Januari nilivipangusa vumbi nikajiona mtu makini.

"Sadiya alikuwa gredi ya nne hiyo siku," Hawo akasema. "Alishika hiyo kitu kama nusu saa. Kila mwaka ananiuliza itarudi lini. Saa hii ako gredi ya tisa, mwezi wa kumi na moja anatoka kwangu. Akienda bila kuishika tena, mimi nitamwambia nini?"

"Tutaona, Mwalimu. Na swali la pili?"

"Ya pili ni hiyo picha yako ya..."

Simu ikalia. Mtu wa hema. Nikamwinulia Hawo kidole cha subiri kidogo, nikaanza kubishana juu ya hema ya wageni, na nilipogeuka alikuwa ameondoka kuwahi gari la Kulamawe.

Nembo ikaenda kila mahali. Fulana mia tatu, bango la mita sita, kofia, chupa za maji. Fundi wa Nairobi akanipigia kuhusu vishikwambi: abandike stika mgongoni au achome kwa mashine? Nikamwambia achome. Stika hubanduka, nikasema, na sisi tunataka ijulikane milele hivi ni vya nani.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa sita. Hema zilisimama, makochi yalifika yakiwa na mguu mmoja pungufu, na vumbi lilikaa mahali popote lilipotaka bila kujali ramani yangu. Kendi, dada aliyetumwa na wafadhili, alikuja na kamera mbili. Watu walizidi mia tatu, nusu yao wamevaa fulana zetu. Nilisimama kwenye maikrofoni nikawatazama, na kusema kweli machozi yalinilenga.

Mwenyekiti wa wazazi wa Eela Dima ni Mzee Jattani, mfanyabiashara wa maziwa ya ngamia. Kila asubuhi maziwa yake hushuka mjini kwa madumu, mengine huendelea hadi Nairobi. Huvaa koti la suti juu ya kikoi, ana simu mbili na miwani iliyofungwa kwa uzi, na ni mtu mzito wa kuridhika. Alipofika alilalamika kuwa chai haina sukari, akaletewa sukari, akalalamika imezidi. Nilikuwa nimemweka safu ya tatu, plastiki yenye mikono, na nikajiandaa kwa ugomvi. Lakini kiti hakukiona kabisa. Alikuwa anaangalia fulana.

Msemaji wa sita akiwa katikati ya maneno yake, Jattani akainuka. Akapita kati ya safu taratibu, akiwatazama watu migongoni, mmoja baada ya mwingine, vile wanunuzi hufanya mnadani. Kisha akaenda kwenye meza ya vishikwambi. Akageuza kimoja, akavaa miwani. Akageuza cha pili. Akavigeuza vyote hamsini, huku vidole vyake vikihesabu. Msemaji alikuwa ameshanirudishia maikrofoni; Jattani akaja mbele akaniondolea mkononi, kwa upole, kama anayempokea mtoto.

"Salaam aleikum."

Wakamjibu, hema nzima.

"Mimi sina maneno mingi. Nimekuta wanyama yangu hapa, hamsini. Nashukuru huyu mama wa ofisi, amewachunga vizuri, hakuna mwenye amekonda. Sasa nawachukua tunaenda nyumbani."

Nilitabasamu nikidhani ni mzaha wa kufungua hotuba. Hakuna aliyecheka. Wanawe wawili walikuwa wameshaanza kurudisha pikapu nyuma kuelekea mezani.

"Mzee," nikasema, "hiyo ni nembo ya mradi wetu. Duara ni umoja, huu mstari ni..."

"Duara ni kisima ya babu yangu," akasema. "Hii mstari ni kamba ya ndoo. Hizi mbili ni yeye na ndugu yake, walichimba pamoja. Niko na ngamia mia moja na kumi, zote ziko na hii kwa shingo. Toka hapo nje uangalie."

Sikuhitaji kutoka. Watu wa Kulamawe wote walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Na kila mtu hapo alijua kawaida ilivyo, hata mimi niliyetoka milimani kuja kufanya kazi huku: ngamia wako akichanganyika na kundi la mwingine, unakuja, unaonyesha alama, unamshukuru aliyemlisha na kumnywesha, unaondoka naye. Hakuna kesi. Kesi huwa ni ya anayekataa.

Nikatafuta msaada kwenye makochi. Alikuwepo mzee mmoja kutoka Oldonyiro, ambaye mwaka jana tu alikuwa hapeani mkono na Jattani kwa sababu ya malisho. Nikajua huyu atanisimamia. Akakohoa akasema, "Alama ni alama, Madam. Ukicheza na yake leo, kesho utacheza na yangu." Mgeni wa Leparua akaunga mkono. Watu ambao mikutano ya amani imeshindwa kuwaketisha pamoja, nimewapatanisha mimi kwa fulana.

"Si mimi niliyeichora," nikasema. "Ni mashine."

"Mashine ilitoa wapi?"

Sikujua. Mpaka leo sijui. Watalii huwapiga picha ngamia wake wakivuka barabara, na hizo picha huenda zinakokwenda.

"Hukuuliza mtu?"

"Niliuliza, Mzee."

"Uliuliza nani?"

Maikrofoni ilikuwa kati yetu, na spika nilizokodi zilikuwa nzuri. "Niliiuliza mashine," nikasema.

Kicheko kilianzia nyuma, kwenye plastiki isiyo na mikono, kikapanda cheo kwa cheo hadi makochini. Mbele kabisa walikaa wanafunzi, kila mmoja na kijitabu changu mapajani. Msichana mmoja mrefu wa gredi ya tisa alikifungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Baadaye niliambiwa huyo ndiye Sadiya. Nimewahi kuanguka kanisani mbele ya askofu, na siku ile ya kanisani nilikuwa na afadhali.

Kendi akaninong'oneza nyuma ya kamera, "Hii sehemu ya jamii ni kali sana. Mbona haikuwa kwenye ratiba?" Nikamwambia tulitaka iwe ya kushtukiza.

Kishikwambi cha kwanza kikapakiwa kwenye pikapu. Cha pili. Mwalimu Hawo, aliyekuwa amesimama na wanafunzi wake mikono nyuma muda wote huo, akamwendea Jattani, akazungumza naye Kiborana. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa na muda wa kuyapanga maneno yake. Jattani akajikuna kidevu. Neno moja nikalisikia likirudi mara nyingi: dabare. Nikamwuliza jirani. Dabare, akaniambia, ni mwenye mifugo kumwazima asiye nayo. Maziwa ni ya aliyeazimwa, mnyama anabaki wa mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuja wakati wowote kuona kama mnyama wake anakula na anakamuliwa. Akimkuta vibaya humchukua, na watu wote huambiwa sababu.

Jattani akarudi kwenye maikrofoni. "Nimepea shule hii wanyama hamsini, dabare," akasema. "Maziwa ni ya watoto. Nitakuja kila mwezi kuangalia. Lakini mnyama yangu halali kwa kabati ya mtu. Siku nitasikia amefungiwa kwa kabati, siku hiyo namchukua."

Watu wakapiga makofi mpaka hema ikatikisika. Mimi nikajikuta nimeshika ufunguo uliokuwa shingoni. Mia tatu na zaidi wakaona nimeshika nini.

Wasemaji kumi waliobaki walifutwa na njaa. Kwenye foleni ya kunawa mikono nikamkuta Hawo. Nilikuwa na hasira, sifichi, hasira ya mtu aliyevuliwa nguo na akashukuriwa kwa hilo.

"Mwalimu, ulijua hiyo alama ni ya nani."

"Nilinyosha mkono, Madam. Mara mbili."

"Ungenipigia simu. Ulikuwa na wiki tatu."

Akamimina maji juu ya mikono yangu kutoka kwa birika, polepole, mpaka sabuni ikaisha. "Nilikuwa na maswali mbili," akasema. "Nikafikiria, nikaona ile ya pili inaweza kujibu ile ya kwanza."

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nilicheka peke yangu nikiwa naendesha gari, mpaka askari wa kizuizi akanisimamisha kuona kama niko sawa.

Na vishikwambi vikalala Eela Dima, bila mlango wa chuma. Kila mwisho wa mwezi Jattani alifika na miwani yake kuwakagua wanyama. Kioo kilichopasuka alikiita jicho lililoumia, akataka jina la aliyemtupia jiwe. Aliwauliza watoto, "Huyu amewapa nini mwezi huu?" na ole wake mtoto asiye na jibu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona mradi unaokaguliwa vile, na nimeandika ripoti za ukaguzi nyingi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Mwezi wa tisa nilikwenda mwenyewe. Sadiya alinionyesha daftari la darasa. Lilikuwa na safu tatu: tulichouliza, mashine ilichojibu, mtu anayejua. Mstari wa kwanza kabisa, kwa mwandiko mzuri wa kukolezwa, ulisema: "Alama hii ni ya nani? Umoja na maendeleo. Mzee Jattani." Na pembeni, kwa wino mwekundu: "Kosa la Madam Kananu." Nikamwuliza kama ni lazima jina langu liwepo. Akaniambia Mwalimu amesema mfano ukiwa na jina hausahauliki. Sasa kila mwanafunzi anayeingia mpango huu huanza na mimi.

Wiki iliyofuata Bwana Gichunge akaniita. Vishikwambi virudi ofisini, akasema, kwa uhifadhi na usajili, mpaka milango ipatikane. Ilikuwa sauti yangu ikitoka kinywani mwake. Nikamwambia haiwezekani, mwenyewe hajakubali.

"Mwenyewe nani?"

"Mzee Jattani. Mashahidi ni mia tatu. Ukitaka, nitakupeleka ukamwambie."

Akafikiria barabara ya Kulamawe, akafikiria Jattani, akaniambia tuliache kwanza. Nikatoka nimevimba kichwa. Nilikuwa jasiri, jamani, tena kwa ujasiri wa kuazima. Nikaketi kwenye kiti changu nikahisi kabati mgongoni. Nikalifungua. Nikavitoa vyote kumi na vinane nikavichomeka kwenye umeme, vinne vinne. Kumi na vinne viliamka. Vinne havikuamka. Nilivibonyeza kila kitufe, nikavishika kifuani vipate joto, upuuzi wa namna hiyo, navyo vikabaki vyeusi. Nilivitunza miaka mitano mpaka vikafa. Niliona aibu ambayo haikuwa na mzaha ndani yake, na huwa sipendi kuiona hiyo.

Basi nikapata wazo, na mnajua mawazo yangu. Asubuhi nikabeba boksi hadi mahali maziwa ya Jattani yanaposhushwa mjini. Alikuwa anaonja kila dumu kwa kijiko na kutema pembeni, akina mama wakisubiri hukumu yake.

"Habari ya asubuhi, Mzee. Nimekuletea wengine, kumi na wanne. Nataka uwatie alama yako, ili ofisi yoyote isiweze kuwafungia."

Niliona nimesema jambo la akili sana. Akafuta kijiko, akavaa miwani, akageuza kimoja. Mgongoni kulikuwa na stika ya njano.

"Hii ni alama ya nani?"

"Ya serikali."

"Na serikali ya hii boksi ni nani? Nani anakuwanga na ufunguo?"

Kamba ilikuwa shingoni kwangu, anaiona.

"Unataka mimi nichome alama yangu juu ya alama ya mtu," akasema. "Huo ni wizi. Mimi si mwizi, hata uniletee na boksi. Hawa wako na mwenyewe. Ni wewe. Pea shule dabare wewe mwenyewe."

"Mzee, nikisaini na kimoja kipotee..."

"Kitapotea. Sasa toa boksi hapo, gari ya maziwa inapita."

Akarudi kwenye kijiko chake. Mama mmoja akanisukumia dumu tupu nikae, labda kwa sababu nilikuwa nazuia njia. Fomu ilikuwa ndani ya boksi. Niliileta Jattani aione, sijui kwa nini. Nikaijaza juu ya goti. Shule: Eela Dima. Idadi: kumi na wanne; wengine wanne wamefia ofisini. Mwenye dhamana: hapo kalamu ikasimama, kwa sababu kulikuwa na nafasi ndogo tu ya cheo, na "kaimu" lilitaka nafasi yake. Nikaliacha. Niliandika Kananu Kiogora, nikasaini, na sahihi haikufanana na ile ya benki.

Nilifika Eela Dima kabla ya chakula cha mchana. Hawo aliisoma fomu mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, kisha akamwita Sadiya. Msichana alitoa kimoja kwenye boksi. Alikitambua, naamini alikitambua, maana alipitisha kidole kwenye pembe yake kabla hata ya kukiwasha. Akakigeuza akatafuta alama ya kisima, hakuiona.

"Huyu si wa Mzee," akasema. "Ni wa nani, Madam?"

"Ni wangu," nikasema. "Nitakuja mwezi ujao kuona kama mnamkamua."